Kusimama Begani mwa Kabaila

Juzi nilialikwa harusi Tabata, na ninyi vijana mnajua kwamba siku hizi harusi bila mbwembwe watu hawaihesabu. Bwana harusi akaletwa juu ya farasi. Farasi mwenyewe mfupi, mnene, shingo nene kuliko paja langu, na aliyemwongoza alikuwa kijana wa miwani ya jua, kapendeza kweli. Kamba alikuwa ameizungusha mkononi mzunguko juu ya mzunguko, kama mtu aliyejifunga bandeji. Niliacha pilau yangu nikamfuata, nikamwambia, mjukuu wangu, ifungue hiyo kamba mkononi. Akaniamkia vizuri, shikamoo babu, kisha akaniambia nisiwe na wasiwasi kwa sababu farasi yule anamjua. Nikamjibu kwamba hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Mlangoni mwa ukumbi walikuwa wamepamba kwa majani mabichi. Farasi akayaona, akashusha shingo, akaenda. Kijana naye akaenda, maana mkono wake ulikuwa umefungwa huko. Bwana harusi alibaki juu ameshikilia kilemba kwa mikono miwili, na mama yake akaanza kusoma dua. Watu walipowafikia, farasi alikuwa amekwisha kula nusu ya mapambo na kijana amechunwa ngozi ya kiganja. Hakuna aliyevunjika, tukarudi kwenye pilau.

Basi haya ninayoandika ni kwa ajili ya kijana yule, na wenzake wanaokodisha farasi ufukweni, na hata ninyi mnaoendesha punda wa mizigo, kwa kuwa mengi yanafanana. Mimi nilikuwa saisi. Neno hilo wengi wenu hamlijui. Saisi ni mtu wa kutunza farasi, kumlisha, kumsugua, kumfunga kwenye gari na kumwongoza kwa miguu. Sikushinda mbio zozote wala sikupiga picha nimekaa juu ya farasi. Kazi yangu yote niliifanya chini, kando yake, na huko chini ndiko farasi anakovunjia watu mifupa. Aliye juu huanguka mara moja, watu wakamwinua na kumpa pole. Aliye chini hukanyagwa, hubanwa, hupigwa kichwa kidevuni, na kesho asubuhi bado anatakiwa apeleke pumba.

Kuhusu kamba nimalize kabisa. Usiizungushe mkononi, usiifunge kiunoni, usiitie shingoni ili mikono ipumzike. Ikunje mkunjo juu ya mkunjo, uushike mkunjo huo katikati kwa ngumi. Farasi akiondoka, unafumbua kiganja na kamba inaondoka peke yake. Farasi aliyekimbia mtamkamata Magomeni. Mkono uliokimbia naye hautarudi.

Mimi sikuzaliwa nikiyajua haya. Nilikuja Dar es Salaam kutoka Newala miaka ya mwanzo ya uhuru, kujifunza useremala Keko. Baba alikuwa mchongaji, akaamini kwamba mkono wangu ungezijua mbao kwa urithi. Haukuzijua. Fundi wangu alinivumilia mpaka nilipomtengenezea kiti ambacho kila mguu ulikuwa na urefu wake. Hakugomba. Aliniambia tu kwamba amemaliza kuunda gari la farasi la shamba moja la maziwa huko Kawe, nimsaidie kulifikisha, na kama nitapapenda Kawe nisijisumbue kurudi. Nikapapenda.

Saisi wa shamba lile alikuwa Mzee Chande, na sijapata kufanya kazi na mtu mwoga kumzidi. Aliogopa nyoka, radi, baiskeli na mkewe. Farasi ndiyo usiseme. Lakini alikuwa ameshika farasi tangu ujana wake, hakuwa na kovu hata moja, na meno yake yote yalikuwa kinywani. Siku yangu ya kwanza nilimwona akizunguka nyuma ya farasi kwa mbali sana, karibu aingie kwenye banda la ng'ombe, nikacheka. Hakukasirika.

"Cheka tu," akaniambia. "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio."

Uoga wa Mzee Chande ulikuwa na elimu ndani yake, na elimu hiyo ndiyo niliyoila miaka yote. Alikuwa akipiga hodi kwa farasi. Nasema kweli. Alisimama mlangoni mwa banda akaita hodi, kwa sauti ya kawaida, na haingii mpaka sikio la farasi limegeuka kumwelekea. Sikio likigeuka, alisema, hiyo ndiyo karibu yako. Kabla ya hapo wewe ni mwizi, na mwizi hupigwa. Akishaingia hakufunga mlango nyuma yake. Hakukaa kati ya farasi na ukuta hata kama pale ndipo palipo na kivuli. Na alisimama begani. Mbele ya farasi atakupitia, nyuma atakupiga teke, na ukisimama mbali kidogo nyuma ya ubavu teke litakufikia likiwa limekusanya nguvu zake zote. Lakini bega lako likiwa sambamba na bega lake, miguu yako kando na si chini ya kwato zake, hana silaha nzuri ya kukufikia. Ikibidi kupita nyuma yake, ama pita mbali kabisa, ama pita umemgusa kabisa, mkono ukiteleza mgongoni na mdomo ukizungumza. Mzee Chande alichagua mbali, kila siku ya maisha yake.

Sasa niwaambieni habari za Kabaila.

Mwenye shamba wakati ule alikuwa mzee mmoja wa Kihindi wa Upanga, Mshia, mtu mpole aliyekuwa akifunga duka lake siku za Muharram na kutupa sisi sote chakula. Alimnunua Kabaila kutoka kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Alikuwa farasi wa aina ile fupi, mgongo wake ulinifikia kifuani, rangi ya ufuta, na kifua kipana hata ungedhani kapachikwa cha farasi mwingine. Alikuja na jina la Kizungu ambalo hakuna aliyeweza kulitamka akaeleweka, hata farasi mwenyewe hakuligeukia. Jina la Kabaila tulimpa baadaye, siku zile redio ilipokuwa ikiwasema makabaila na mabepari asubuhi na jioni. Alikula jasho la wengine, hakumpisha mtu njia, na alikasirika akicheleweshewa chakula. Jina likamkaa.

Hakuwa na roho mbaya. Hilo mlishike, kwa sababu vijana wengi farasi akiwasukuma wanadhani anawachukia. Kabaila alifundishwa kusukuma, na aliyemfundisha ni tajiri wetu kwa mapenzi yake. Kila Ijumaa alikuja na vipande vya sukari guru mfukoni, akampa kwenye kiganja. Kabaila akagundua kwamba akimsukuma mzee kwa kichwa, sukari inatoka haraka. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Kabaila aliulamba hata mtupu, na akihakikisha ni mtupu kweli, aliuma. Tajiri alicheka akasema farasi wangu ana akili. Akili alikuwa nayo, na sisi ndio tuliokuwa tukiilipia siku nyingine zote za wiki.

Farasi hasukumi kwa nguvu siku ya kwanza. Anaanza na pua mfukoni, wewe unacheka. Kesho anakuegemea kidogo, nawe unasogeza mguu ili asikukanyage. Unaona umefanya jambo la busara, kumbe kwake mambo yamekwisha: aliyesogea ndiye mdogo. Keshokutwa anatoka bandani na wewe ukiwa mlangoni, na mlango hauwatoshi wawili. Kwa hiyo usimruhusu hata hiyo pua. Na usimsukume kwa mwili wako wote, maana yeye ni mzito kuliko ukoo wenu na anafurahia kusukumana. Toa kiwiko, kikaze, kielekeze shingoni mwake, ukae kimya. Akija anajigonga mwenyewe. Wewe hukumpiga, yeye ndiye aliyeukuta mfupa njiani. Kisha vuta kichwa chake kidogo upande wako, makalio yatakwenda upande wa pili, umrudishe nyuma hatua moja. Akikubali tu, legeza kamba papo hapo. Huko kulegeza ndiko kunakomfundisha, si kule kuvuta. Ukimvuta anavuta, na sijaona shindano la kuvutana kamba ambalo mwenye miguu minne alishindwa.

Basi tajiri akazeeka, wanawe wakamwita kwao ng'ambo, na shamba likawa letu sisi wafanyakazi kwa ushirika. Tulifurahi mno. Tulimchagua mwenyekiti, Ndugu Mbaraka, aliyekuwa akiosha madebe ya maziwa, mtu mwaminifu mwenye sauti ya kusikika Mbezi. Mkutano wetu wa kwanza ulikata shauri kwamba kazi zote zitafanywa kwa zamu, ili asiwepo anayejiona bwana wa kazi fulani. Kukamua kwa zamu, kuosha kwa zamu, na farasi kwa zamu. Ndugu Mbaraka akasema kidole kimoja hakivunji chawa. Mzee Chande akanyanyuka, akasema manahodha wengi chombo huenda mrama. Mwenyekiti akamjibu kwa heshima kwamba mawazo hayo, mzee, ni ya kikabaila. Sote tukageuka tukatazama bandani.

Kwa ng'ombe zamu ilikwenda vizuri, sikatai. Kwa farasi ilikuwa kichekesho. Mmoja wetu alimwogopa, akawa anamtangulizia maganda ya maembe ili ampishe. Mwingine alimchapa. Mama Anna, mkamuaji wetu kutoka Masasi, mwanamke wa miraba minne, alimsema kama alivyokuwa akimsema mumewe, na Kabaila alisimama akimsikiliza mpaka amalize, halafu akafanya aliyoyataka, kama mumewe. Mimi kwenye zamu yangu nilifuata ya Mzee Chande. Kabaila akatujifunza sote. Kwa mwenye maganda alidai maganda. Kwa mwenye fimbo aliwahi yeye kwanza. Na kwa kuwa hakujua kesho sheria itakuwa ipi, akaamua kutunga ya kwake.

Ilipofika zamu ya mwenyekiti, aliingia bandani bila hodi, ndoo ya pumba mbele, mlango ukijifunga nyuma yake. Kabaila alimbana ukutani akasimama juu ya mguu wake, akaanza kula. Alikula taratibu. Mwenyekiti kwa sauti yake ile aliita Kawe nzima, lakini hakuna aliyethubutu kuingia mpaka ndoo ilipokwisha na Kabaila mwenyewe akajiondokea. Vidole viwili vya mguu vilivunjika.

Siwezi kuwaambia tulicheka. Tulicheka baadaye. Siku ile mkutano uliitwa, mwenyekiti mguu juu ya debe, na akasema kwamba farasi huyu anapeleka maziwa ya watoto kwenye mitaa iliyojaa watoto, na leo ni mguu wa mtu mzima, kesho je? Bwana mifugo wa serikali, aliyekuwa akija kuwachoma ng'ombe wetu sindano, akasema jambo hili likijirudia yeye atalimaliza kwa risasi, maana hakuna wa kumnunua farasi wa namna ile. Tukapiga kura. Akimuumiza mtu mwingine yeyote, Kabaila anapigwa risasi. Mimi peke yangu sikunyoosha mkono. Nilikuwa nampenda yule mnyama, na sioni haya kuandika hivyo. Nilikuwa nimeshinda kando ya bega lake kuliko nilivyoshinda na ndugu zangu.

Nilisimama nikasema nipeni mimi peke yangu, zamu zife, nitamnyoosha. Mwenyekiti akaniuliza kama nataka kurudisha ubwana shambani. Nikakaa. Aliyeniokoa ni Mzee Chande, ambaye hakupenda kusema mkutanoni kwa sababu mkutano pia aliuogopa.

"Zamu iwepo," alisema. "Mie sina ugomvi na zamu. Lakini tuwe na mkono mmoja. Farasi akishikwa na mtu yeyote, aone kashikwa na yule yule wa jana."

Hilo mwenyekiti akalielewa upesi, hata akalipenda, akasema huo ndio ujamaa wenyewe. Tatizo likawa namna ya kulifanya. Hatukutaka kujifunzia kwa Kabaila, maana kosa moja tu lingemmaliza. Kwa hiyo tukajifunzia sisi kwa sisi. Kila alasiri baada ya kukamua, wanachama wa ushirika walikutana uani, mmoja akafungwa kamba akawa farasi, mwingine akawa saisi. Mama Anna alikuwa farasi bora kuliko wote. Alikuwa akimwegemea mwenyekiti kwa bega, anamtafuta mfukoni kwa kichwa, anamkanyaga bila huruma, na Ndugu Mbaraka na mguu wake mbovu akawa anarudi nyuma akimwambia, Mama Anna, taratibu. Mzee Chande anasimamia kwa mbali, anasema usisogee wewe, asogee yeye. Kiwiko, mwenyekiti, kiwiko. Watu waliokuwa wakipita njiani walisimama ukutani wakitazama. Habari zikaenea kwamba pale shambani tuna pepo wa farasi, na mama mmoja akaja kuuliza kama tunatibu.

Tulikubaliana machache, na hayo tuliyashika wote bila kuongeza wala kupunguza. Hodi kabla ya kuingia. Chakula ndani ya ndoo tu, hakuna kumlisha mkononi, hata ganda. Ndoo haiwekwi chini mpaka arudi nyuma asimame. Mlangoni anangoja, mtu anapita kwanza. Neno la kumrudisha nyuma ni moja, "rudi", si "toka", si "we mshenzi", si wimbo wa kanisani. Na viatu vigumu miguuni, vyenye pua ngumu, kila siku. Mwenye maganda yake alilalamika kwamba tunamnyanyasa mnyama. Mama Anna akamwambia mumewe pia alikuwa akilalamika hivyo hivyo mwanzoni.

Wiki za kwanza Kabaila alizidi. Hilo nalo mlitegemee. Aliyezoea kupata kwa kusukuma, akikosa atasukuma zaidi kabla hajaacha, na wengi hukata tamaa hapo hapo. Hatukukata. Akienda kwa Mama Anna anakuta kiwiko, kwa mwenye maganda kiwiko, kwa mwenyekiti kiwiko kinachotetemeka, lakini kiwiko. Asubuhi moja nilipiga hodi, sikio likageuka, na kabla sijagusa mlango akarudi nyuma mwenyewe akasimama. Nilikwenda nyuma ya banda nikalia kidogo, kisha nikampelekea pumba.

Ikaja Saba Saba. Wakubwa wa eneo letu walitaka gari letu la maziwa liwe kwenye maandamano mpaka kiwanja cha mpira cha Kinondoni, lipambwe kwa makuti na bendera, watu waone matunda ya ushirika. Kukataa isingewezekana. Nikatazama zamu: ilikuwa ya mwenyekiti. Nikamwendea pembeni nikamsihi aniachie siku ile moja. Nilimkumbusha kwamba bwana mifugo atakuwepo kiwanjani. Alisema zamu ni zamu, Hamisi. Lakini niliona midomo imemkauka. Alikuwa akiogopa kama Mzee Chande, na sasa najua kuwa hiyo ilikuwa dalili njema.

Tukatoka. Mwenyekiti begani mwa Kabaila, kamba imekunjwa mkunjo juu ya mkunjo. Mama Anna juu ya gari katikati ya madebe yanayong'aa, kavaa khanga mpya. Mimi kando ya gurudumu. Mzee Chande nyuma kabisa, pamoja na kina mama wenye matari, mbali na kila kitu. Barabara nzima Kabaila alikwenda vizuri, na watu walipiga makofi. Mimi sikuona makofi wala bendera. Niliona kwato na miguu ya watoto waliojipanga ukingoni, nikawa namhesabia mwenyekiti kila kosa ambalo hakulifanya.

Kiwanjani walikuwepo vijana wa tarumbeta na ngoma kubwa. Walianza kupiga tulipokuwa ubavuni mwao. Kabaila aliinua kichwa, akavimba shingo, akaanza kuja kwa bega, kumwelekea mwenyekiti, na nyuma ya mwenyekiti watoto. Ndugu Mbaraka hakusogea. Alitoa kiwiko, akavuta kichwa kidogo, akasema rudi. Alifanya kila kitu kama kinavyotakiwa. Kilichohitajika ni kumpa farasi muda wa kufikiri, na muda huo ndio mimi niliokosa subira nao. Nilikimbia nikajitia mbele ya kifua cha Kabaila, mahali ambapo nimewakataza watu maisha yangu yote, nikaidaka kamba nikaivuta upande wangu. Sasa anavutwa kulia na kushoto na kelele ziko mbele. Akapiga hatua. Kwato ikatua juu ya mguu wangu, na siku ile, kwa sababu ya sherehe, nilikuwa nimeacha viatu vya kazi nyumbani nikavaa makubazi mapya.

Mwenyekiti hakupaza sauti. Sijui aliipeleka wapi siku ile.

"Achia kamba, Hamisi," akasema.

Nikaachia. Akatoa kiwiko tena, akasema rudi, akangoja. Kabaila akafikiri, akarudi hatua moja, mguu wangu ukatoka. Tukaendelea. Nilitembea mbele ya jukwaa nimeng'ata meno, nikicheka na wakubwa na kuwapungia mkono, huku machozi yananitiririka, na mzee mmoja jukwaani akamwambia mwenzake kwamba kijana yule ana uchungu na nchi. Nilichokuwa nikiwaza ni kimoja tu, kwamba nikifika nyuma ya jukwaa bila kuchechemea, Kabaila ataishi.

Nilichechemea. Nyuma ya jukwaa bwana mifugo alikuwa akitungojea, na macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kubazi langu lililojaa damu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa makubaliano. Akamuuliza mwenyekiti, mlikubaliana nini nyie? Nikajitetea kwamba ni jiwe. Hakuna aliyeniamini, maana jiwe haliachi alama ya kwato.

Ndugu Mbaraka akamkabidhi Mama Anna kamba, akatuita wanachama wote tusogee, akasema mkutano umefunguliwa. Hapo hapo, tarumbeta zikilia upande wa pili. Mzee Chande alihudhuria akiwa mbali, lakini anasikia. Mimi nilishika gurudumu la gari kwa mkono mmoja ili nisianguke, nikangoja kumsikia mtu aliyevunjwa vidole na Kabaila akisema neno lake.

"Mimi aliponibana nilisema apigwe risasi," mwenyekiti akasema. "Leo kamba nilikuwa nayo mwenyewe, nimeona. Farasi alikuwa ananisikiliza. Hakumfuata Hamisi. Hamisi ndiye aliyeufuata mguu wa farasi, tena kwa makubazi."

Akamtazama bwana mifugo, kisha akatugeukia.

"Wanaokubali kwamba aliyekosa leo ni Hamisi, si farasi, wanyooshe mikono."

Mikono yote ikaenda juu. Mama Anna akanyoosha na ule ulioshika kamba. Kule mbali nikauona mkono wa Mzee Chande, mrefu, umenyooka kuliko yote. Bwana mifugo akaihesabu, akanigeukia akaniuliza, na wewe mwenyewe? Nikamtazama Kabaila, aliyekuwa amesimama pale mahali alipoachwa, anapepesa masikio. Nikaliachia gurudumu, nikanyoosha yote miwili.